Kununua jibu ambalo bado halipo

Ndani ya tumbo la manowari kuna matangi ambayo wengi wa mabaharia wanaolala juu yake hawatayaona maishani mwao. Ni matangi ya farumi. Hujazwa maji ya bahari meli inapokuwa nyepesi, hupunguzwa maji inapokuwa nzito, ili chombo kikae sawa. Kwa hiyo chuma cha humo leo kimezama kwenye maji ya chumvi, kesho kiko wazi kwenye hewa ya joto na unyevu, keshokutwa kimefunikwa tena. Sijui mahali ambapo kutu hustawi kuliko hapo. Kinachokilinda chuma hicho ni rangi ya epoksi, na rangi ikianza kuachia kwenye kona moja tu, hajui mtu mpaka fundi aingie na tochi.

Kuingia kwenyewe ni shughuli. Tangi humwagwa maji, hufunguliwa, hupulizwa hewa, kisha hewa hupimwa. Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: kutu hula oksijeni. Chuma kikishika kutu ndani ya tangi lililofungwa hunyonya oksijeni iliyomo, na anayeingia bila hewa kupimwa huanguka hata hajawahi kuita. Watu wamekufa hivyo katika bandari nyingi duniani, na mara nyingi anayemfuata maiti ni mwenzake aliyekimbilia kumwokoa.

Mimi ni mhandisi wa vifaa vya kupimia, mzaliwa wa Wete, Pemba. Sasa naishi Virginia, katika eneo la Hampton Roads. Norfolk, upande mmoja wa maji, ndiko iliko kambi kubwa kuliko zote za wanamaji duniani. Newport News, upande wa pili, wanaunda meli za kubeba ndege za kivita na nyambizi za nyuklia. Katikati ya ukubwa wote huo, kampuni ninayofanyia kazi haifiki watu ishirini. Tunatengeneza vihisi vya kubandika ndani ya tangi, vitoe habari za rangi bila mtu kuingia. Fedha zilizotuanzisha hazikutoka benki wala kwa tajiri yeyote. Zilitoka serikalini, na namna zilivyotoka ndiyo inayonifanya niandike leo, maana ndugu na marafiki wa nyumbani wameniuliza mara nyingi na majibu ya kwenye simu hayatoshi.

Mpango unaitwa SBIR. Kwa Kiswahili ningeuita utafiti wa kibunifu wa biashara ndogo. Ulianza mwaka 1977 ndani ya Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ukisukumwa na Roland Tibbetts, ofisa aliyeamini kwamba kampuni ndogo zina mawazo ambayo serikali haiyafikii kwa sababu fedha zote za utafiti zinakwenda vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mwaka 1982 Bunge likaufanya sheria ya serikali nzima, Rais Reagan akatia saini. Leo kila idara inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwenye utafiti unaofanywa na watu wa nje inalazimika kutenga asilimia 3.2 ya fedha hizo kwa kampuni ndogo. Idara 11 zimo. Mkuu wa idara hawezi kuamka akasema mwaka huu sina haja.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote huja kabla ya fedha. Ofisi yenye tatizo hukaa chini na kuliandika. Wanaiita mada, kwa kawaida ni kurasa mbili tatu. Mhandisi wa Jeshi la Majini huandika: hiki ndicho kinachotusumbua, hivi ndivyo tunavyofanya sasa, hapa ndipo njia ya sasa inaposhindwa, na jibu tunalolitaka lazima liweze hili na hili. Halafu hutangaza hadharani, kila mtu asome. Ile iliyotuingiza sisi kazini, kwa ufupi, ilitaka kujua hali ya rangi ndani ya tangi bila kulifungua tangi na bila kutoboa ukuta wa meli kupitisha waya. Anayesoma sentensi kama hiyo anajua kwamba aliyeiandika amekwisha kuhangaika na waya.

Kabla ya mada kufunguliwa rasmi kuna wiki chache ambazo unaruhusiwa kuzungumza moja kwa moja na aliyeiandika. Dirisha likifunguliwa, mazungumzo ya faragha yanakoma. Swali lolote linaandikwa hadharani na jibu linasomwa na washindani wote. Kwa hiyo wiki zile ni dhahabu. Tulipompigia simu mwenye mada yetu, alituambia jambo ambalo halikuwamo katika kurasa zake: msiangalie sana bapa la chuma, angalieni ncha. Rangi mbichi inapokauka hujivuta, na kwenye ncha kali ya chuma inabaki nyembamba mno. Ndiyo maana mafundi wa meli hupitisha brashi kwenye ncha na viungo vya kuchomelea, mkono wa ziada, kabla au baada ya kupuliza rangi ya jumla. Kutu huanzia huko. Sisi tulikuwa tumekichora kihisi cha kubandika kwenye bapa, kwa sababu bapa ni rahisi kubandika. Baada ya simu ile tukachora kingine.

Mpango una awamu tatu. Pendekezo unalolipelekea Jeshi la Majini kwa awamu ya kwanza lina kurasa kumi za maelezo ya kiufundi, basi. Ukishinda unapata hadi dola 140,000 kwa miezi sita, na nyongeza ya hadi dola 100,000 ambayo serikali inaweza kuichukua au kuiacha. Wenye biashara nyumbani wakisikia hizo huona ni fedha nyingi. Kwa hesabu za Marekani, ukilipa wahandisi wawili, fundi mmoja, bima, kodi ya karakana na vifaa, zinakwisha.

Na nini kinanunuliwa kwa fedha hizo? Nieleze tulichofanya, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Rangi nzuri, ikiwa mpya, huzuia umeme. Ukipitisha mkondo mdogo sana wa umeme wa masafa mbalimbali kati ya chuma na maji, rangi mpya inakataa kuupitisha. Maji yanapoanza kupenya taratibu kwenye rangi, ukinzani unashuka, na unashuka mapema, jicho likiwa bado linaona rangi inang'aa. Njia hii inajulikana maabara zote za kutu. Kinachojulikana kwenye meza ya maabara, lakini, kinataka vyombo vya bei kubwa, waya safi na mtu mwenye subira. Swali la awamu ya kwanza lilikuwa: je, kipimo hicho kinaweza kufinywa kikaingia kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, kikatumia betri, kikakaa ndani ya maji ya chumvi, kikatoa habari bila waya kupita ukutani?

Tulikata vipande vya chuma, vingine bapa, vingine vyenye pembe, tukavipaka epoksi, tukavitumbukiza kwenye mapipa ya maji ya chumvi yenye joto. Vingine tuliviweka kwenye kabati la ukungu wa chumvi, ambalo hunyunyizia chumvi saa zote ili kuharakisha kutu. Kabati hilo lina shida yake, na kila anayefanya kazi hii anaijua: kutu ya haraka haifanani na kutu ya kweli. Bahari ina usiku na mchana, ina kukauka na kulowa, ina viumbe. Rangi inayofaulu kabatini inaweza kufeli melini, na kinyume chake. Kwa hiyo tulizamisha vipande vingine gatini kabisa, kwenye maji ya mto James, vikakaa huko vikiliwa na vilivyomo.

Kwenye bapa kihisi kilifanya kazi vizuri. Kwenye ncha, habari zilikuja zimechanganyika, kwa sababu eneo lililochubuka ni dogo mno na rangi nzima iliyolizunguka inalifunika kwenye kipimo. Tukaandika hivyo hivyo katika ripoti ya mwisho, na tukaeleza tunadhani njia gani itatenganisha habari za ncha na za bapa. Serikali ikasoma, ikatupa awamu ya pili. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alione: awamu ya kwanza hununua ujuzi wa kama jambo linawezekana, na "linawezekana hapa, pale bado" ni jibu halali linalolipwa. Hata "haliwezekani" ni jibu. Jeshi la Majini likijua kwa dola laki moja na nusu kwamba njia fulani haifiki, limeokoa mamilioni ambayo lingeyatia huko baadaye.

Nilimweleza ami yangu hili kwenye simu. Yeye alikuwa fundi wa majahazi Wete mpaka macho yalipomchoka. Baada ya shikamoo na habari za watoto, akaniuliza, "Kwa hiyo hao wanakulipeni kabla hamjakitengeneza?" Nikamwambia, wanatulipa tujue, ami. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi wenye vyombo wamenilipa mbao, wamenilipa misumari, wamenilipa deheni. Kufikiri sijalipwa na mtu." Na huyu ni mtu ambaye maisha yake yote, kila bamvua chombo kikipandishwa pwani, alikuwa anafanya utafiti: mchanganyiko gani wa mafuta na chokaa unakaa muda mrefu zaidi, mbao gani inapendwa na funza wa baharini na ipi inawashinda. Aliyajaribu kwa vyombo vya watu, kwa fedha zake, na yaliyomo kichwani mwake hayakuandikwa popote. Tangu siku ile sijaacha kulifikiria neno lake.

Kwa walioko Marekani wanaotaka kujaribu, niseme masharti kwa haraka. Kampuni iwe ya kibiashara, isizidi watu 500 ikihesabiwa pamoja na kampuni ndugu zake, na zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Mtafiti mkuu lazima zaidi ya nusu ya muda wake wa kazi awe wa kampuni hiyo. Katika awamu ya kwanza theluthi mbili ya kazi ifanywe na kampuni yenyewe. Mwalimu wa chuo asiyetaka kuacha kazi yake aangalie mpango mdogo ulioanzishwa mwaka 1992, STTR, ambao unailazimu kampuni kushirikiana na chuo au taasisi ya utafiti: kampuni ifanye si chini ya asilimia 40, taasisi si chini ya 30. Na kwa wahamiaji wenzangu: mada nyingi za kijeshi zina vizuizi vya siri za teknolojia, na kabla hujapata ukazi wa kudumu hutaruhusiwa hata kuona baadhi ya michoro. Mimi nilingoja. Mada za uchukuzi kwa kawaida ni huru zaidi upande huo.

Kuna jambo moja katika sheria hii ambalo naona ni la busara kubwa. Kilichogunduliwa kinabaki mali ya kampuni. Serikali inaweza kukitumia kwa kazi zake, lakini kwa miaka 20 tangu mkataba kutolewa haiwezi kuuchukua mchoro wako ikampa kampuni kubwa ashindane nawe. Sharti ni kwamba kila ukurasa unaostahili ulinzi uwe na maandishi ya haki. Ukitoa ripoti bila maandishi hayo unaweza kuupoteza ulinzi wenyewe. Kwetu kazi hiyo ina mtu wake maalumu, na hakuna karatasi inayotoka mlangoni hajaiona.

Ugumu uko mbele. Awamu ya kwanza na ya pili zina fedha zake. Awamu ya tatu, ambayo ndiyo ya kukiweka kifaa melini kweli, haina fungu la SBIR hata senti. Lazima ofisi inayoendesha meli fulani ikubali kutoa kwenye bajeti yake, na bajeti za jeshi hupangwa miaka miwili au zaidi kabla. Kwa hiyo kifaa kinaweza kuwa tayari, kimefaulu, kinapendwa na mabaharia waliokijaribu, na bado kikakaa kabatini kwa sababu aliyepaswa kukiandika kwenye makadirio hakukiandika mwaka juzi. Nimeona kampuni za jirani, zenye watu hodari kuliko sisi, zikifungwa katika kipindi hicho. Sheria inatoa msaada mmoja: mkataba wa awamu ya tatu unaweza kutolewa bila kushindanishwa upya, maana ushindani ulikwisha kufanyika mwanzoni. Maofisa ununuzi wengi hawalijui hilo, na kazi ya kuwaeleza inaangukia kwa kampuni yenyewe.

Pale lilipokwenda sawa, matokeo ni makubwa. Miaka ya 1990 nyambizi za Marekani zilikuwa zinapoteza ubora wao wa kusikia chini ya maji, kwa sababu kompyuta zake maalumu za sonari zilikuwa ghali na kubadilishwa kwake ni miaka. Kampuni ndogo ya Virginia, Digital System Resources, kwa fedha za SBIR, ilionyesha kwamba kazi ile ile inaweza kufanywa na vichakataji vya kawaida vya sokoni, vinavyobadilishwa kila teknolojia inapopanda. Njia hiyo ikaenea kwenye nyambizi zote. Kampuni baadaye ikanunuliwa na General Dynamics.

Upande wa uchukuzi mpango ni mdogo kwa fedha, lakini mimi unanivuta zaidi. Unaendeshwa na kituo cha Volpe, Cambridge, Massachusetts, katika eneo ambalo awali NASA ilijenga kituo chake cha utafiti wa elektroniki. NASA ilipokifunga mwaka 1970, Idara ya Uchukuzi ikakichukua. Mada zake ni za reli, barabara, mabasi, mabomba, madaraja. Na madaraja ni chuma kama meli.

Tarehe 15 Desemba 1967, daraja la Silver Bridge, Point Pleasant, West Virginia, lilianguka jioni likiwa limejaa magari. Watu 46 walikufa. Chanzo kilikuwa ufa wa kina cha takriban milimita mbili na nusu ndani ya tundu la kiungo kimoja cha chuma, mahali ambapo jicho lisingefika bila kukifungua kiungo. Kutokana na msiba huo Marekani ikaweka kanuni za kitaifa za ukaguzi wa madaraja mwaka 1971, kwa kawaida kila miezi 24. Kisha mwaka 1983 kipande cha daraja la mto Mianus, Connecticut, kikaanguka, watu watatu wakafa: kutu ilikuwa imejaa kwenye pini, ikalisukuma bapa la chuma lililoning'iniza kipande hicho mpaka likachomoka kwenye pini. Daraja hilo lilikuwa linakaguliwa. Nilipozisoma habari hizi niliona tangi langu la farumi pale pale: chuma, maji, mahali pasipofikika, na mtu mwenye tochi anayekuja mara moja baada ya muda mrefu. Sasa tunakiandaa kihisi chetu kwa viungo vya madaraja, na tatizo la ncha tulilolikuta kwenye mapipa ndilo linalotusaidia, kwa sababu kiungo cha daraja chote ni ncha.

Tarehe 30 Septemba 2025 idhini ya Bunge kwa mpango huu ilikwisha muda bila kuongezwa. Mwaka 2022 ilikuwa karibu kutokea hivyo, ikaokolewa siku ya mwisho. Safari hiyo haikuokolewa siku ile. Mada mpya zikasimama. Kampuni kubwa haikulihisi hata kidogo. Kwetu ilikuwa mkutano wa watu wote kwenye meza moja, tukiangalia mikataba iliyokuwa tayari mkononi inatufikisha wapi. Inaniuma kwamba jambo lililojengwa kwa miaka zaidi ya arobaini linaweza kukatika kwa tarehe kwenye kalenda, na wa kwanza kuondoka ni kijana fundi aliyejifunza kupaka epoksi kwenye ncha bila kuacha tundu.

Mawazo yangu huishia nyumbani, siwezi kuyazuia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander, iliyotoka Unguja kwenda Pemba, ilizama ikiwa imejaza kupita kiasi. Kila nyumba ya Pemba ina jina la mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, nacho kimezidi. Zaidi ya watu 200 wakafa. Mstari wa shehena ubavuni mwa meli, unaoonyesha mwisho wa meli kuzama inapopakiwa, ambao mbunge Samuel Plimsoll aliupigania mpaka ukawa sheria Uingereza mwaka 1876, upo. Usiku, gati limejaa watu na mizigo, ni wachache wanaoinama kuusoma. Kama serikali zetu zingetenga fungu, hata dogo, kwa karakana na kampuni ndogo za vijana, mada ya kwanza ningeiandika hivi:

Chombo cha abiria kijue chenyewe kuwa kimezidi. Kifaa kipime kina cha maji mbele, nyuma na ubavu zote mbili wakati chombo kimefungwa gatini. Kikizidi, taa iwake mahali inapoonekana na abiria, nahodha na ofisa wa bandari kwa pamoja, na isiweze kuzimwa na mmoja wao peke yake. Kiweze kurekebishwa na fundi umeme wa kawaida wa Unguja au Mwanza kwa vipuri vinavyopatikana dukani. Kistahimili chumvi. Awamu ya kwanza, miezi sita: onyesheni kwenye chombo kimoja, gatini, kwamba kipimo ni cha kuaminika maji yanapocheza.

Hapo kwenye maji kucheza ndipo ninapokwama, na wasomaji wangu mlioko Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) au mnaofanya kazi bandarini mnaweza kunisaidia. Pale gati la Malindi, Unguja, wakati wa kusi, boti za kasi zikipita na kuacha mawimbi, chombo kilichofungwa hupanda na kushuka kiasi gani, na hutulia baada ya muda gani?